Sauti Inayobeba Mzigo

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Tumelisikia fundisho hilo tangu utotoni, mmoja wetu akiwa Voi na mwingine Rabai, na siku zote lilihusu mahubiri: tulia, mwache mwenzako, msikilize mchungaji. Katika nyumba yetu ya sasa, mjini Manchester, fundisho hilo lilipata kazi nyingine, kazi ya waya na spika, siku tulipotakiwa kuchagua sauti ya injini ya treni ya mfano kwa ajili ya mzee asiyeona.

Mzee huyo ni baba yetu. Kwa mmoja wetu ni baba mzazi, kwa mwingine ni baba mkwe, lakini sote twamwita Baba, na watoto wetu wawili humwita Babu. Alikuja kuishi nasi baada ya Mama kulala katika Bwana. Wakati huo presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla jicho la kushoto, na la kulia likafuata. Daktari alituambia wazi kwamba neva ya jicho ikishakufa hairudi.

Upofu Baba aliupokea kwa utulivu. Kilichotushika sisi ni kitu kingine. Huyu ndiye aliyetufundisha kuomba. Nyumbani kwake hakuna aliyelala kabla ya sala ya jioni, naye alikuwa akiomba kwa sauti, akimtaja kila mtoto kwa jina, na majirani, na walio safarini. Tangu tulipomzika Mama hajaomba kwa sauti hata mara moja. Sala ikifika, huinamisha kichwa, hunyamaza, na mwisho husema amina kama sisi wengine. Wazee wa ushirika wetu wa Waswahili walimtembelea wakamsihi asiiache imani. Aliwashukuru, akaomba waongezewe chai. Binti yetu, mwenye miaka 11, alituuliza jikoni kwa sauti ya chini, "Babu haamini tena?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tueleze sasa habari ya injini. Baba alifanya kazi katika Reli ya Afrika Mashariki, kwanza kama msaidizi wa dereva, yule wa kutunza moto, kisha kama dereva, kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi. Injini zake zilikuwa za daraja la 59. Ziliundwa 34, mwaka 1955 na 1956, na kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, hapa hapa Manchester, safari fupi ya basi kutoka kwetu. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja yao, namba 5918, Mount Gelai, ipo hadi leo katika makumbusho ya reli Nairobi. Zilikuwa na uzito wa tani 252, na duniani hakukuwa na injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozizidi nguvu. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966, lakini jina la Gorton Baba alilijua kabla hajalijua jina la mtaa wetu.

Injini hizi ni za aina ya Garratt, zikiitwa kwa jina la Mwingereza Herbert Garratt aliyebuni muundo wake mwanzoni mwa karne iliyopita. Boila ni moja, katikati, nayo imebebwa na injini mbili: moja mbele chini ya tangi la maji, nyingine nyuma chini ya tangi la mafuta. Kila moja ina silinda mbili, na gurudumu likizunguka mara moja, mvuke hutoka kwa kishindo mara nne. Injini hizo mbili hazikufungwa pamoja, kwa hiyo mapigo yao hukutana, kisha huachana, kisha hukutana tena. Baba husema ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ukiwasikia kutoka mbali, mara ni mchi mmoja, mara ni miwili.

Mwaka uliopita tulipata mfano wa injini hiyo. Aliutengeneza kwa mkono mzee mmoja wa chama cha wapenda treni za mfano, kwa kipimo cha 1:87. Injini iliyokuwa na urefu wa karibu mita 32 imekuwa na sentimita 36 hivi, nayo hupita juu ya reli yenye upana wa milimita 12. Tulimpa Baba mikononi. Akaipapasa kuanzia tangi la mbele, akapita boila, akafika chumba cha dereva, akatabasamu. Tukaiweka relini, tukawasha umeme. Ikaenda kimya, kwa mvumo mdogo wa mota kama wa cherehani. Baba akauliza, "Mmeiwasha?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba kwa mtu huyu injini isiyo na sauti haipo.

Kwa msomaji asiyezijua treni hizi, tueleze kwa ufupi. Siku hizi reli za mfano huendeshwa kwa njia ya kidijitali. Umeme hukaa relini wakati wote, na pamoja na umeme huo hupita maagizo. Ndani ya kila injini kuna chipu, iitwayo dikoda, yenye namba yake. Ikisikia namba yake inaitwa, hutii. Ikisikia namba ya mwenzake, huendelea na shughuli zake. Dikoda ya sauti hubeba pia milio iliyorekodiwa kwa injini za kweli, na kuicheza kupitia spika ndogo. Hapa Uingereza moja huuzwa kwa takriban pauni 100. Kwa nyumba yenye watoto wawili na mzee, hizo ni fedha za kufikiriwa mara mbili.

Swali la kwanza lilikuwa sauti itoke wapi. Wapo wanaoficha spika kubwa chini ya meza. Faida yake ni ya kweli, kwa sababu spika kubwa hutoa mngurumo mzito ambao spika ya ukubwa wa kidole gumba haiwezi kuutoa. Lakini sauti hiyo haitembei. Injini huzunguka chumba kizima na mlio hubaki pale pale. Kwa anayeona si neno, maana jicho humwambia injini iko wapi na sikio hukubali. Baba tulipomweleza alicheka, akatukumbusha habari ya Isaka katika uzee wake. Sikio lilimwambia kweli kwamba aliyesimama mbele yake ni Yakobo. Mikono ikamwambia habari nyingine, naye akaifuata mikono. "Mimi macho sina, na mikono imekwisha kufa ganzi," akasema. "Msinidanganye sikio. Sauti na ikae pale ilipo injini."

Basi tukaamua sauti ikae ndani ya injini yenyewe. Hapo umbo la Garratt lilitusaidia: lina matangi mawili makubwa, na ndani ya kila tangi tuliweza kuweka spika moja, kila moja ndani ya kisanduku chake kilichozibwa vizuri. Kisanduku hicho si pambo. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na isipozibwa, hewa ya nyuma huimeza ya mbele, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu. Tulipima pia spika zilingane na dikoda kwa kipimo cha omu, maana spika isiyolingana nayo yaweza kuunguza chipu.

Swali la pili lilikuwa dikoda gani. Tulimchukua Baba hadi kwenye chama, naye akakaa kitini, kofia magotini, wanachama wakampitishia injini zao moja baada ya nyingine. Tulisikiliza Tsunami2 ya SoundTraxx ya Marekani, ambayo huja na sauti nyingi ndani yake tayari, filimbi za kila namna na mapigo ya kila namna. Unachagua kwa namba, lakini huwezi kuiongezea sauti yako. Tulisikiliza LokSound ya ESU ya Ujerumani na nyingine ya Zimo ya Austria. Hizo mbili waweza kuzifuta na kuzipakia upya kwa kompyuta, ukabadilisha milio kadiri unavyotaka.

Mwanachama mmoja, kwa ukarimu wake wote, alitusikilizisha kila kitu kilichomo katika injini yake: filimbi, kengele, mvuke unaovuja, na koleo linalochota makaa. Injini ilikuwa imesimama juu ya magurudumu ya majaribio, haiendi popote, ikipiga kelele za kujaza ukumbi. Baba alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akatuinamia.

"Mwulizeni, imebeba nini?"

Tukauliza. Haikuwa imebeba kitu.

"Nilijua. Na mwambieni sisi hatukushika koleo. Zetu zilikuwa za mafuta."

Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma. Mwenyeji wetu alipotafsiriwa methali hiyo alicheka sana, wala hakukasirika. Akaondoa injini yake, akaweka nyingine relini, akaifungia mabehewa 12, akaipeleka kwenye mwinuko ulio upande wa pili wa ukumbi. Pale chini mapigo yalikuwa mepesi. Ilipoanza kupanda yakawa mazito na makali, kama mtu anayetweta. Ilipofika juu na kuanza kuteremka yakafifia, ukabaki mgongano wa vyuma vya magurudumu tu. Hakuna aliyegusa kitufe cha sauti. Baba alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Hiyo," akasema. "Hiyo inafanya kazi."

Siri yake tulielezwa. Mara nyingi katika kila sekunde, dikoda hukata umeme wa mota kwa kitambo kidogo mno. Katika kitambo hicho mota, kwa kuwa bado inazunguka, huzalisha umeme wake mdogo, na dikoda huupima. Hivyo hujua mota inazunguka kwa kasi gani. Ikiona kasi inapungua, huongeza nguvu, na kwa kuona nguvu iliyolazimika kuongeza, hujua mzigo ni mzito. Kisha huagiza sauti ifuate. Si kila dikoda hufanya hivyo kwa ustadi mmoja, na hata iliyo nzuri huhitaji kurekebishwa. Tangu siku ile, hilo ndilo tulilolitafuta kabla ya filimbi na mapambo mengine yote.

Tuliichukua LokSound, kwa sababu hatukupata sauti zilizorekodiwa kwa daraja la 59 lenyewe, na dikoda inayofutika ingeturuhusu kuazima sauti za Garratt iliyorekodiwa kwingine na kuondoa yasiyo yetu. Koleo tukaliondoa. Tukampa Baba orodha ya sauti zilizobaki, tukamwomba achague za kuhifadhi. Tulitarajia aanze na filimbi, maana kila mgeni anayeingia chumba cha treni hutaka kusikia filimbi.

"Filimbi mkiikosa si neno," akasema. "Pampu msiiache."

Alikuwa akisema pampu ya hewa, ile inayojaza hewa ya breki. Tulimwuliza kwa nini. Akatueleza jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kutueleza.

Reli ile ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zikikaribiana, moja huingia njia ya kupishana, husimama, na kusubiri nyingine ipite. Dereva haondoki mpaka apewe laini, yaani ruhusa kwamba njia iliyo mbele ni yake. Wakati mwingine ulikuwa usiku wa manane, porini upande wa Tsavo, na kungoja kulikuwa kwa saa nzima au zaidi. Injini imesimama, mapigo hakuna, moto umepunguzwa. Mtu akipita pale atasema imekufa. Lakini pampu inaendelea polepole, kama mtu anayehema usingizini. Hewa inajazwa. Breki ziko hai, mabehewa yameshikwa hayatateleza mlimani. "Tulikuwa tukisinzia na sauti hiyo masikioni," Baba akasema. "Filimbi haikutuamsha. Pampu ikinyamaza, ndipo tulipoamka wote."

Chumba kikatulia. Mmoja wetu, yule aliyeingia katika familia hii kwa ndoa, na ambaye kwa sababu hiyo ana uhuru fulani wa kumwuliza mkwe wake maswali, akasema kwa upole, "Na wewe, Baba?"

Hakujifanya hakuelewa. Akakaa kitambo, kidole gumba kikipita na kurudi juu ya boila ya ile injini ndogo.

"Mimi nimesimama njia ya kupishana, mwanangu. Nasubiri nipewe laini. Lakini hewa ipo."

Hatukuongeza neno, wala yeye hakuongeza. Tuliandika katika orodha: pampu, ibaki.

Kazi ya kufunga dikoda ilituchukua Jumamosi mbili. Kulehemu waya nyembamba kama nywele kunataka mkono uliotulia na watoto waliolala. Tuliweka pia kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, ili injini isikatike sauti inapopita mahali pachafu pa reli. Kisha tukalinganisha mapigo na magurudumu. Magurudumu makubwa ya 59 yalikuwa na kipenyo cha mita 1.37 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kupanda mlima na mzigo mzito, kila injini ya mbili hizo hutoa karibu mapigo manne kwa sekunde. Tulihesabu, tukajaribu, tukahesabu tena, mpaka Baba akatuzuia kwa mkono: imefika. Sauti tuliishusha chini ya nusu. Masikio yake, baada ya miaka mingi ndani ya chumba cha dereva, yamepoteza milio myembamba, lakini ile mizito anaisikia vizuri, naye hataki kupigiwa kelele.

Siku hizi binti yetu huendesha na Babu husikiliza. Uso wa Babu hufuata injini chumbani kote bila kukosea, kama alizeti linavyofuata jua. "Funga mvuke," humwambia, "mlima umekwisha." Au, "Unaipa mafuta mengi, utatia moshi mbinguni." Kiswahili cha binti yetu, ambacho sisi tulikihangaikia kwa miaka, kimekua katika chumba kile kuliko katika masomo yote tuliyompa. Amejifunza majina ya stesheni kutoka Mombasa: Mazeras, Voi, Mtito Andei, Makindu. Mdogo wake alipouliza mezani kwa nini Babu haombi kwa sauti, sisi tulikuwa bado tunatafuta maneno. Dada yake akamjibu, "Babu yuko njia ya kupishana. Mwache." Baba alisikia. Akacheka mpaka akajifuta macho.

Ndugu msomaji, hatuna muujiza wa kukuletea. Baba bado haombi kwa sauti. Huenda siku moja laini itafunguliwa tukasikia tena majina ya majirani wote wa Voi yakitajwa mbele za Mungu, na huenda asifungue kinywa mpaka atakapomfuata Mama. Yote mawili tumeyaweka mikononi mwa Bwana. Lakini tumejifunza kusikiliza. Asubuhi na mapema, kabla ya watoto kuamka, tunamsikia amekaa kitandani, na pumzi yake ni ya mtu asiyelala. Hatusikii neno. Tunasikia pumzi, inaingia na kutoka polepole, kwa muda mrefu, kila siku saa ile ile ambayo zamani alikuwa akiomba pamoja na Mama. Nabii Eliya alijua kwamba Bwana hakuwa katika upepo mkubwa wala katika tetemeko. Sisi hatutadai zaidi ya hapo.

Ukiwa unamtafutia mtu injini yenye sauti, uliza maswali matatu: sauti inatoka wapi, inafuata mzigo au inapigwa tu, na injini ikisimama inabaki na nini. Na ukiwa mzee wa kanisa, au jirani, unaenda kumtembelea mfiwa aliyenyamaza, nenda na maswali hayo hayo. Usimhimize apige filimbi ili wewe urudi nyumbani umefarijika. Keti naye. Kunywa chai uliyopewa. Sikiliza kama pampu inafanya kazi, na ikiwa inafanya kazi, ngoja pamoja naye mpaka njia iwe wazi.